Ng'ombe wa Mahari na Ndege ya Mazoezi

Watu wote walipokuwa wanamtazama ng'ombe, Dancille alikuwa anatazama viatu vya Athanase. Vilikuwa viatu vyeusi vya kuazima, vikubwa kuliko mwenyewe, vimepakwa siagi mpaka nzi wakavipenda. Cha kulia kilikuwa na kamba yake ya dukani. Cha kushoto kilifungwa kwa uzi wa mgomba, umesokotwa taratibu na kupakwa masizi ili ufanane na mwenzake. Masizi yalikuwa yameanza kutoka, na uzi ulikuwa unageuka rangi ya panya. Athanase alijua. Kila mara alificha mguu wa kushoto nyuma ya ule wa kulia, akabaki amesimama kama korongo.

Dancille aliuma kona ya kitenge chake asicheke. Kisha akaacha kutaka kucheka, akabaki anautazama uzi ule tu.

Binti huyu wa Sebarenzi hakuwa na mazoea ya kuwaangalia watu usoni. Kijiji kizima cha Muheto alikijua kwa miguu ya watu wake. Shuleni alifika mwaka wa nne, akatolewa, kwa sababu mwalimu alimweleza baba yake kwamba mtoto anaandika majibu yote sawasawa, lakini akiulizwa kwa mdomo anakuwa kama jiwe la kusagia. "Basi siwezi kulipia mudomo wenye haitumike," Sebarenzi alisema, na mambo ya shule yakaishia hapo. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na siku hiyo, mwaka wa 1969, alikuwa anaolewa na Athanase, au karibu.

Karibu, kwa sababu baba yake alikuwa bado anangoja ndege.

Desturi ilikuwa wazi. Baba wa kijana anashika kamba ya ng'ombe. Baba wa binti anamzunguka ng'ombe, shangazi anakagua meno na kiwele, halafu kamba inatoka mkono huu inaingia mkono ule. Kabla ya hapo ng'ombe ni mgeni tu. Baada ya hapo binti ana mume, na pombe ya ndizi inaanza kutembea. Jambo hili hufanyika uani, mbele ya nyumba, mahali kuku wanaweza kushuhudia. Lakini Sebarenzi alikuwa amelihamisha. Alitaka ng'ombe apokelewe chini kabisa, kwenye malisho, pale palipo tambarare kama meza kati ya vilima viwili.

Sababu ilikuwa hiyo ndege. Tangu mvua za Pasaka kulikuwa na ndege ndogo, nyeupe, iliyotoka upande wa Goma. Ikifika juu ya malisho ya Sebarenzi ilinyamaza ghafla, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, ikashuka, ikashuka, mpaka ungeweza kuona watu wawili ndani yake. Halafu ilikohoa, ikanguruma, ikapanda tena na kwenda zake. Siku moja Sebarenzi aliivulia kofia, na ndege ikainamisha bawa. Labda ulikuwa upepo. Kwa Sebarenzi haukuwa upepo. Tangu siku hiyo aliwaambia watu kwenye misa, sokoni, hata kwenye kilio, kwamba marubani wa Goma hawapiti bila kumsalimia.

"Tungoje kidogo," aliwaambia wageni sasa, macho yakiwa juu. Alivaa koti zito la msimamizi wa zamani wa shamba la chai, lenye mikono inayofika kwenye vidole. "Iko inakuja. Leo iko siku yake."

Polycarpe, baba yake Athanase, alikuwa ametoka Nyabiondo kwa miguu tangu alfajiri, akimvuta ng'ombe huyo aliyeona kila jani la njiani kuwa chakula. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. "Papa Sebarenzi, pokea kwanza kamba. Ndege itakuona hata ukiwa umeshika."

"Apana. Nitaipokea wakati inapita. Funga pale kwanza, kwenye kile kigingi yangu. Kuja tukae kidogo."

Polycarpe alifunga. Wote wakapanda mteremko mdogo wakaketi kwenye majani: wanaume wa Nyabiondo upande mmoja, wa Muheto upande mwingine, na vibuyu vya pombe katikati vikiwa bado vimezibwa. Ng'ombe alibaki peke yake chini, anacheua, akiwa hana habari kwamba ni mahari.

"Kaka yangu," alisema Jeannette, dada yake Sebarenzi, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Masisi, "ungealika na treni pia."

*

Ndege ilikuja. Sebarenzi alisimama, akafunga vifungo vyote vya koti, akavua kofia. Ndege ikanyamaza kama kawaida yake. Ikageuka polepole juu ya migomba, ikaelekea malisho, ikaanza kushuka.

"Munaona?" Sebarenzi alisema. "Munaona?"

Waliona. Waliona tumbo lake, magurudumu yake, na kichwa cha Mzungu mmoja aliyekuwa anaonyesha kitu kwa kidole. Dancille alikuwa ameizoea sauti ile kama alivyozoea kikohozi cha mama yake asubuhi: kimya, halafu kikohozi, halafu ngurumo. Alisubiri kikohozi. Kikaja. Akasubiri ngurumo. Badala yake kikaja kikohozi cha pili, kidogo, cha mtu anayeomba radhi, halafu hakikuja kitu tena.

"Haipande," Dancille alisema. Lakini alisema kwa sauti yake ya siku zote, ile ambayo hata kitenge chake hakikuisikia.

Ng'ombe aliinua kichwa. Tumpe haki yake, alijaribu kukimbia, lakini kigingi cha Sebarenzi kilikuwa kigingi kizuri. Gurudumu la ndege lilimpiga ubavuni, akaanguka bila kulia. Ndege yenyewe ikageuka upande, ikavunja ua wa matete, ikaingia katika shamba la maharagi la Emérita, mama yake Dancille, ikakokota mijiti na majani na kuku mmoja, ikasimama imeinua mkia.

Watu wa vilima vyote viwili walishika midomo. Mwanamke mmoja alianza Salamu Maria akachanganyikiwa katikati, akamalizia na sala ya kubariki chakula.

"Maharagi yangu!" alilia Emérita.

Athanase alikuwa wa kwanza kukimbia. Alikimbia kama mtu aliyevaa ndoo mbili, na kwenye matope karibu na ua kiatu cha kushoto kilimtoka. Hakurudi kukiokota. Alifika kwenye ndege, akavuta mlango, akaung'oa kabisa, akaingiza mikono ndani.

Alimtoa kwanza Mzungu, mtu mzima mwenye tumbo, mguu mmoja ukiwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Mzungu huyo alikuwa anatukana kwa Kifaransa, kwa mpango, bila kurudia tusi. Kisha akatoka kijana mweusi mwenye pua inayovuja damu, ameshika mkono wake wa kushoto kama mtoto mchanga.

"Hakuna mwenye amekufa?" Jeannette aliuliza.

"Hapana, Mama," kijana alisema. "Naitwa Floribert. Mutupatie radhi. Huyu ndiye mwalimu wangu. Tulikuwa tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

Floribert alijipangusa pua. "Mwalimu anapunguza moteri, anasema: pani, ni kusema moteri imekufa, tafuta fasi ya kutua. Miye natafuta fasi, nashuka kama vile ni kweli. Tukifika karibu na chini tunaongeza moteri, tunapanda, tunarudi."

"Mulikuwa munajifunza kuanguka," Jeannette alisema.

"Kama… ndiyo, Mama."

"Basi umefaulu."

Watu walicheka, kwa woga zaidi kuliko kwa furaha. Hata Floribert alicheka, kisha akaacha kwa sababu pua iliuma. Alieleza kwamba leo, walipotaka moteri iamke, iligoma. Baridi na unyevu viliingia ndani yake wakati wanashuka, hivyo ndivyo mwalimu alivyofikiri. Walikuwa wanajifanya moteri imekufa, ikasikia, ikafa.

Sebarenzi alisogea, kofia bado iko mkononi. "Na kwa nini kwangu? Kwa nini kila mara munakuja hapa kwangu?"

Dancille aliona vidole vya miguu ya baba yake vinakunjika katika kandambili za mpira. Alijua baba anaomba jibu gani.

"Ni fasi moja tu yenye iko sawa, Papa," Floribert alisema. "Fasi ingine yote ni milima."

"Kwa hiyo… hamukuwa munanisalimia?"

Floribert alimtazama bila kuelewa. "Sisi tunakujua, Papa?"

Hakuna aliyecheka kwa nguvu. Waligeuza nyuso, na mabega yao yalitetemeka. Sebarenzi aliivaa kofia yake polepole, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

*

Emérita alifungua mshipi wake akamfunga Floribert mkono, huku akimhesabia mashina ya maharagi aliyong'oa. Mzungu aliketishwa juu ya ndoo ya maziwa iliyopinduliwa. Mtu alikwenda mbio kwenye shamba la chai kuita gari. Ndipo watu wakamkumbuka ng'ombe.

Alikuwa amekufa kabisa. Alikuwa ng'ombe mzuri, mnene, na nyama yake ilikuwa bado ya moto. Habari za nyama hukimbia kuliko habari za ajali: vilima vilianza kushusha watu wenye visu na majani ya migomba, watu ambao ndege haikuwashtua hata kidogo. Walisimama kwa mduara wa adabu.

"Haya, Polycarpe," Sebarenzi alisema, akitafuta mahali pa kuweka hasira yake. "Pole kwa ngombe yako."

"Ngombe yangu? Pole kwako weye. Ngombe imefungwa kwa kigingi yako, katika malisho yako, kwa neno lako. Imekufia kwako."

"Sijashika kamba! Shangazi wa mutoto hajaangalia hata meno!"

"Naweza kuangalia sasa," Jeannette alisema. "Haitaniuma."

"Umesema: funga pale. Wote wamesikia. Ngombe imefika. Bibi harusi iko wetu."

"Bibi harusi kwa muzoga? Utaenda uvute ingine."

Hapo ikawa shida, na watu wote waliiona. Atakayemkata ng'ombe atakuwa amekubali kwamba ni wake. Sebarenzi akigusa kisu, amepokea mahari, na binti ameondoka kwa mzoga. Polycarpe akigusa kisu, mahari haijatolewa, na hana ng'ombe mwingine nyumbani ila ndama mwenye kikohozi. Kwa hiyo wanaume hao wawili walisimama pande mbili za nyama, mikono nyuma, kama watu wanaoogopa moto. Mzee mmoja wa mduara aliweka kisu chake kwenye paja la ng'ombe, kwa majaribio tu. Sauti mbili zilimfokea kwa pamoja: "Wacha!"

"Itaoza," mzee alisema kwa uchungu wa kweli.

Dancille alikuwa pembeni, karibu na ua uliovunjika. Kiatu cha Athanase kilikuwa pale, kimezama kwenye matope mpaka shingoni. Alikichomoa. Uzi wa mgomba haukukatika. Akaanza kukipangusa kwa majani, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Mbele yake Athanase alikuwa amepiga magoti anamshikilia Mzungu mguu usitikisike, mguu wake mwenyewe wa kushoto uko wazi, umekwaruzwa na matete, na unatoka damu bila mwenyewe kujua. Kila siku Athanase alibeba maziwa ya watu kutoka Nyabiondo mpaka pale yanapogandishwa kuwa fromaji, ile jibini ya Wazungu, na mara zote alipopita Muheto alimwambia Dancille "Jambo, dada", akangoja jibu kidogo, akaenda. Miezi minane hivi Dancille alikuwa anamjibu, akiwa peke yake, mwenyewe akishapita.

Mzungu alisema neno. Floribert akainua mkono mzima.

"Papa na Papa! Musiyu anasema chama chetu cha ndege kitarudisha ngombe. Nzima, ya maziwa, yenye mimba. Anauliza tu: ngombe iko ya nani?"

Macho ya wazee wawili yalirudi kwa ng'ombe.

Sebarenzi alikohoa. "Kusema kweli," alisema, "kigingi iko yangu."

"Ati nini?" Polycarpe aliruka.

"Na malisho iko yangu. Muntu akikufungia kitu kwako, na weye umemuambia afunge, ile kitu imefika."

"Umeapa sasa hivi haujashika kamba!"

"Nilisema sijashika. Sikusema sijapokea."

"Ah! Basi ngombe iko yangu!" Polycarpe alijipiga kifua. "Nimeikokota tangu Nyabiondo! Muniangalie mukono!"

"Umesema imenifia miye!"

"Nilikuwa nakupa pole!"

Mduara ulikufa kwa kicheko. Hata Mzungu, ambaye hakuelewa neno, alianza kutabasamu, akaacha mguu ulipomkumbusha. Lakini wazee wawili hawakucheka. Kila mmoja alikuwa ameonekana uchi mbele ya vilima viwili, na mtu aliyeonekana hivyo hutafuta mwenzake amvue zaidi.

"Nilijua," Polycarpe alisema. "Watu wa Nyabiondo waliniambia: ule muntu anangojea ndege imusalimie, utapeleka mutoto wako mule?"

"Na miye waliniambia: ule kijana atakuja na viatu vya kuazima. Ona! Hata vya kuazima havijamutosha!"

Athanase aliinamisha kichwa. Dancille aliona vidole vya mguu ulio wazi vikijificha kwenye majani.

"Athanase, simama. Tunaenda," Polycarpe alisema. "Tutatafuta binti mwenye mudomo. Huyu hata hatujui kama anakutaka."

"Nenda! Hii ndoa imeangukiwa na mbingu, na mbingu haidanganye. Emérita, rudisha vibuyu ndani."

Vibuyu vilianza kuinuliwa. Wingu lilikuwa limeshuka nusu ya kilima, na matone ya kwanza yalilia juu ya bawa la ndege. Gari la shamba la chai likasikika mbali, linapanda kwa shida. Athanase alimwachia mtu mwingine mguu wa Mzungu, akasimama. Hakumtazama baba yake. Alikuwa anatafuta kitu chini, upande wa ua.

"Mujibu, tafadhali," Floribert alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kutafsiri. "Gari iko inakuja. Musiyu hatarudi tena huku, mimi ninamujua. Anauliza mara ya mwisho: ngombe iko ya nani?"

"Yangu," alisema Sebarenzi.

"Yangu," alisema Polycarpe.

"Iko yangu."

Sauti ya tatu haikuwa kubwa. Lakini hakuna aliyewahi kuisikia, na kwa hiyo watu wote waliisikia. Mduara ulifunguka, na pale mwisho alikuwa Dancille, matope mpaka kwenye viwiko, kiatu kiko mkononi.

"Nani amesema?" Sebarenzi aliuliza, ingawa alikuwa anamwangalia.

"Miye." Alimwonyesha ng'ombe kwa kile kiatu. "Ngombe iko yangu. Ililetwa kwa ajili yangu, haikuletwa kwa ajili ya kigingi. Muikate, mvua inakuja. Ile ingine ikifika, Papa Polycarpe atashika kamba, na weye Papa utaipokea."

"Uani!" Jeannette alipaza sauti, akapiga makofi mara moja kama mtu anayefunga mlango. "Ataipokea uani, kule ndege haifike! Musiyu, iko ya Dancille! Floribert, umuambie: Dancille! Na nyinyi wenye visu, munangoja misa?"

Hawakungoja misa. Mzee wa kwanza alifika kwenye paja kabla neno halijaisha. Majani ya migomba yalitandikwa, watu wakaanza kugombana juu ya maini kwa upendo, na Polycarpe, akiona kwamba nyama inaondoka bila yeye, aliinama akashika mguu mmoja wa ng'ombe ili ukatwe vizuri. Sebarenzi alishika wa pili. Walivuta kila mmoja upande wake, bila kutazamana.

"Tangu lini," Sebarenzi alimuuliza binti yake, akivuta, "tangu lini uko na mudomo?"

Dancille alipita katikati ya watu na visu, akasimama mbele ya Athanase, akaweka kiatu chini. Alikuwa amekipangusa mpaka ngozi ikaonekana, na uzi wa mgomba alikuwa ameufunga upya, kwa fundo lake. Athanase aliingiza mguu wenye damu. Halafu Dancille, aliyekuwa anaijua miguu hiyo kuliko mtu yeyote duniani, aliinua macho kutoka kwenye kiatu, akapita magoti, akapita mshipi, akapita shati lililochanika, mpaka usoni. Ulikuwa uso wa kawaida tu, wenye pua pana na masharubu yaliyoanza bila uhakika. Ulikuwa unangoja, kama ulivyongoja kila siku njiani.

"Jambo, kaka," alimwambia.

Kisha akageuka kwa baba yake, mvua ikimwingia mdomoni.

"Ninamutaka, Papa. Ninamutaka huyu, hata angekuja peku na mikono mitupu."